Umri wa amplifaya ya besi ya zamani: uamini sura, nambari au vipuri?

Mombasa, amplifaya nyingi za zamani za gitaa la besi humfikia mnunuzi kwa njia mbili. Kuna zile zilizopigiwa muziki kwenye hoteli za Nyali, Bamburi na Diani au kwenye kumbi za harusi, zikatoka bendi hii zikaingia ile mpaka mwenyewe wa kwanza hajulikani tena. Na kuna zile zinazoshuka Kilindini ndani ya makontena ya mitumba, zimechanganywa na majokofu na baiskeli. Zote huja bila karatasi, na zote huuzwa kwa maneno yale yale: "Hii ya zamani, ya miaka ya sitini." Muuzaji huenda hadanganyi. Ndivyo alivyoambiwa na aliyemuuzia.

Mnunuzi ana njia tatu za kuujua umri: sura ya nje, nambari ya siriali, na tarehe zilizopigwa muhuri kwenye vipuri vya ndani. Wengi huanza na sura kwa sababu ndiyo inayoonekana bila bisibisi. Mimi nasema hapa pwani sura iwe ya mwisho. Vipuri vya ndani ndivyo vya kuanza navyo kwa amplifaya ya Kimarekani, na nambari ndiyo ya kuanza nayo kwa Marshall ya Uingereza iliyotengenezwa baada ya katikati ya 1969. Tofauti hiyo kati ya Marekani na Uingereza ni muhimu, nitaieleza.

Umri si jambo la bei peke yake. Unakwambia kama waya wa umeme ulitoka kiwandani ukiwa na uzi wa ardhi (earth) au la, kama transfoma ilitengenezwa kwa volti 117 za Marekani au inaweza kubadilishwa iende na 240 zetu, na kama sehemu zilizochakaa bado zinapatikana. Mpigaji besi wa kila Jumamosi anahitaji kujua hayo kuliko hata mkusanyaji wa vitu vya kale.

Sura: hewa ya bahari huipotosha

Kasha lililokaa miaka michache karibu na ufuo huweza kuonekana zee kuliko lililokaa miaka mingi Nairobi. Skurubu za kona hupiga kutu, aluminiamu ya bamba la mbele hutoa unga mweupe, vinaili huachana na mbao, na kitambaa cha spika hushika ukungu. Weka amplifaya ya transista ya 1988 iliyopigwa na upepo wa kusi kwenye baraza ya hoteli kando ya Fender ya Kimarekani ya 1966 iliyokuwa ikifunikwa kila Jumapili baada ya ibada, uone mtu atakayezipanga sawasawa kwa kuangalia tu. Hayupo.

Tena maseremala wetu ni hodari. Kasha likioza, bendi haikutupa amplifaya. Ilipeleka chasi, yaani fremu ya chuma yenye saketi, kwa fundi akaiundia kasha jipya la plaiwudi na kulifunika vinaili mpya. Hivyo ndani inaweza kuwa ya 1967 na nje ya 1995, na zote mbili zina kutu sawa.

Hata hivyo sura inaweza kazi moja: kukuonyesha muongo, na kukataa madai yasiyowezekana. Fender Bassman ilitoka 1952 ikiwa na spika moja ya inchi 15, kasha lake limevikwa kitambaa kizito cha rangi ya manjano ya kukauka. Kufikia katikati ya miaka ya hamsini ikawa na spika nne za inchi 10. Mwaka 1961 kichwa, yaani amplifaya yenyewe bila spika, kikatenganishwa na kasha la spika na rangi ikawa ya malai, karibu 1964 ikawa nyeusi bamba na vinaili, na kufikia 1968 bamba likawa la fedha. Marshall nazo zilikuwa na bamba la mbele la plastiki hadi katikati ya 1969, kisha likawa la aluminiamu.

Ampeg ni rahisi zaidi. B-15, ile ambayo kichwa chake hupinduliwa na kufichwa ndani ya kasha la spika wakati wa kusafiri, ilianza 1960. SVT, yenye wati 300 na kasha la spika nane za inchi 10, ilionyeshwa mara ya kwanza 1969. Mtu akikwambia SVT yake ni ya 1965, mazungumzo ya umri yamekwisha hapo hapo, hata kama ina kutu hadi kwenye valvu, zile chupa za kioo za ndani zinazokuza sauti.

Mambo mawili madogo ya nje yana thamani kubwa kuliko kutu. La kwanza ni maandishi ya nchi. Ukikutana na Dynacord, na nyuma pameandikwa kwamba imetengenezwa Ujerumani Magharibi, basi ilitoka kabla ya Oktoba 1990, nchi hiyo ilipoungana na ya Mashariki. La pili ni rangi za nyaya ndani ya waya wa umeme wa amplifaya ya Uingereza, ikiwa waya ni ule wa asili. Nyekundu, nyeusi na kijani ni utaratibu wa zamani. Kahawia, buluu na kijani chenye mstari wa manjano ni utaratibu ulioingia karibu 1970. Plagi yenyewe usiitazame. Hiyo ya pini tatu bapa aliitia mtu wa hapa hapa, na huenda imebadilishwa mara kadhaa.

Nambari ya siriali: Marshall inasema wazi, Fender inanong'ona

Hapa ndipo watu hukosea kwa kufikiri kwamba nambari ni nambari. Kila kiwanda kilikuwa na desturi yake, na desturi nyingine hazikuwekwa kwa ajili ya tarehe hata kidogo.

Marshall, kuanzia katikati ya 1969, waliweka herufi ya mwaka mwishoni mwa nambari. A ilianza 1969 ikaendelea 1970. Kisha C ni 1971, D 1972, E 1973, F 1974, G 1975, H 1976, J 1977, K 1978, L 1979, M 1980, N 1981, P 1982 na R 1983. Herufi B, I, O na Q zilirukwa. Kuanzia S ya 1984, herufi ikahamia katikati ya nambari. Amplifaya iliyokamilika Desemba ingeweza kubeba herufi ya mwaka mmoja na kuuzwa mwaka unaofuata, lakini huo ni ubishi wa wiki chache. Kwa mnunuzi wa Mombasa, nambari inayomalizikia kwa E kwenye chasi ambayo haikuguswa ni jibu tosha.

Lakini kuna mtego, na nausisitiza kwa sababu unawagharimu watu pesa. Marshall walizipa amplifaya zao nambari za modeli zinazofanana na miaka. Modeli 1986 ni ya besi ya wati 50. Modeli 1992 ndiyo Super Bass ya wati 100. Modeli 1987 na 1959 ni za gitaa la kawaida. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotaja mwaka. Super Bass, modeli 1992, ilianza kutengenezwa miaka ya sitini. Kwa hiyo tangazo likisema "Marshall Super Bass ya 1992" linaweza kuwa linauza kitu cha 1972 kwa bei ya kitu kipya, na tangazo likisema "Marshall 1959, ya mwaka hamsini na tisa" linauza ndoto, maana kichwa cha kwanza cha Marshall, JTM45, kilitoka mwanzoni mwa miaka ya sitini, baada ya Jim Marshall na wenzake kuifuatisha Fender Bassman.

Fender ni kinyume. Nambari iliyogongwa kwenye chasi, kwa kawaida herufi ikifuatwa na tarakimu, haina mwaka ndani yake. Majedwali yanayotafsiri nambari hizo yalitungwa na wakusanyaji waliolinganisha amplifaya walizoziona, na safu zake hupishana kwa mwaka mmoja au miwili. Chasi ziligongwa nambari, zikawekwa rafuni, na hazikuchukuliwa kwa kufuata mpangilio. Nambari ya Fender inakupa kijiji, haikupi nyumba.

Fender walikuwa na kitu kingine kilicho bora zaidi: karatasi iliyobandikwa ndani ya kasha ikionyesha kila valvu inakaa wapi. Juu ya karatasi hiyo, kwa miaka ya hamsini na sitini, kiwanda kilipiga muhuri wa herufi mbili. Ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1951, B 1952, na kuendelea hivyo. Ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari na L ikiwa Desemba. Ukihesabu, O ni 1965, na E ni Mei. Basi OE ni Mei 1965. Hakuna ushahidi wa Fender ulio wazi kuliko huo. Bahati mbaya karatasi na Mombasa haviendani: unyevu huilegeza, mende huila gundi, na seremala anayeunda kasha jipya huitupa pamoja na mbao zilizooza. Ukiikuta ipo, ipige picha kabla hujagusa kitu.

Karatasi hiyo pia hutaja namba ya mchoro wa saketi, kama AA864 au AB165. Tarakimu hizo ni mwezi na mwaka mchoro ulipopitishwa: 864 ni Agosti 1964, 165 ni Januari 1965. Amplifaya yenyewe iliweza kutengenezwa miaka kadhaa baadaye kwa mchoro ule ule. Bassman za bamba la fedha zimekutwa na AB165 ilhali ni za 1968. Ichukue kama mwaka ambao amplifaya haiwezi kuutangulia, basi.

Vipuri: mahali tarehe zilipojificha

Sasa tufike ndani, ambako kwa amplifaya za Kimarekani ndiko kwenye utajiri.

Viwanda vya vipuri vya Marekani vilikuwa na utaratibu mmoja wa misimbo. Tarakimu za mwanzo humtaja mtengenezaji wa kipuri, zinazofuata hutaja mwaka, na mbili za mwisho hutaja wiki ya mwaka. Msimbo huo unapigwa kwenye volyumu, yaani kile kipuri cha duara kilicho nyuma ya kila kitufe cha kuzungusha, kwenye spika, na kwenye transfoma. Watengenezaji utakaowaona zaidi kwenye volyumu ni 137, ambayo ni CTS, na 304, ambayo ni Stackpole. Kwenye spika, 220 ni Jensen, 465 ni Oxford, 67 ni Eminence, 328 ni Utah. Kwenye transfoma za Fender utaona 606, ambayo ni Schumacher.

Geuza chasi, tafuta mgongo wa volyumu, uufute taratibu kwa pamba yenye spiriti. Usikwangue, maana wino wa baadhi ya mihuri ni mwepisi na chumvi imeshaudhoofisha. Mwangaza wa tochi uje kwa ubavu, si kwa mbele, ndipo tarakimu zilizogongwa zitoe kivuli. Ukisoma 137 6512, umeshapata: CTS, mwaka 1965, wiki ya 12, yaani mwishoni mwa Machi.

Misimbo mingine ni mifupi kwa tarakimu moja, hasa ya miaka ya hamsini na ya spika na transfoma. Spika ya Jensen yenye 220 535 ni ya wiki ya 35 ya mwaka unaoishia na 5, nao unaweza kuwa 1955 au 1965. Hapo ndipo sura inaporudi kufanya ile kazi yake moja: kasha jeusi haliwezi kuwa la 1955. Na kama tarakimu mbili za mwisho zinazidi 53, umeugawa msimbo vibaya, au unasoma namba ya kipuri badala ya tarehe.

Kanuni ya kutumia yote haya ni moja tu: amplifaya haiwezi kuwa kongwe kuliko kipuri chake cha asili kilicho kipya zaidi. Neno zito hapo ni "cha asili". Volyumu nne zikisema 1965 na moja ikasema 1981, hiyo moja ilibadilishwa. Itazame lehemu yake. Lehemu ya kiwandani ya miaka hiyo imefifia na kufanana kila mahali. Ya fundi aliyebadilisha kipuri mara nyingi hung'aa, ina mafuta ya rangi ya asali pembeni, na waya wake hauna rangi sawa na nyaya za jirani. Kipuri cha namna hiyo kitoe kwenye hesabu.

Chukua kichwa cha Bassman cha bamba jeusi chenye volyumu za 137 6509 na 137 6512, volyumu moja ya 137 8140 yenye lehemu inayong'aa, transfoma ya 606 511, na muhuri wa OE kwenye karatasi. Ya 1981 tunaiweka kando. Zilizobaki zinataja wiki za 9, 11 na 12 za 1965, yaani kati ya mwisho wa Februari na mwisho wa Machi. Muhuri unasema Mei. Vipuri hununuliwa kabla amplifaya haijaunganishwa, kwa hiyo pengo la wiki chache ndilo linalotarajiwa. Hicho ni kichwa cha Mei 1965, miezi michache baada ya CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, kuinunua Fender Januari mwaka huo kwa dola milioni 13. Jedwali la nambari za siriali pekee lingekupa safu ya mwaka au miaka miwili na kukuacha hapo.

Kuna mahali pamoja ambapo volyumu za Fender hudanganya, na lazima ulijue. CBS walinunua shehena kubwa ya volyumu mwaka 1966, na ziliendelea kutumika kwa miaka kadhaa baadaye. Ndiyo maana bidhaa za Fender za mwishoni mwa miaka ya sitini na hata mwanzoni mwa sabini hukutwa na misimbo ya 1966. Kwa hiyo ukisoma 66 kwenye volyumu zote, usifurahi haraka. Nenda kwenye transfoma na spika. Zikisema 1969, ni ya 1969.

Nikiulizwa niamini kipuri kimoja tu, nitasema transfoma. Volyumu hukwaruza na kubadilishwa. Transfoma ni nzito, ni ghali, na fundi huiacha mpaka iungue. Ila hapa Mombasa transfoma za Kimarekani zimeungua nyingi, kwa sababu mtu alichomeka amplifaya ya volti 117 kwenye ukuta wa volti 240. Kwa hiyo angalia pia kama boliti zake ni zile zile za wenzake, na kama kuna matundu ya zamani kwenye chasi yasiyotumika tena. Matundu hayo yanakwambia kulikuwa na transfoma nyingine.

Spika ni ushahidi wa wastani. Mafundi wetu hubadilisha karatasi ya spika, ile inayotetemeka, na kuacha fremu, na hiyo haina neno, maana msimbo uko kwenye fremu. Tatizo ni kwamba kichwa cha amplifaya moja huishi na kasha la spika la nyingine. Spika zikupe umri wa kasha, zisikupe umri wa kichwa.

Valvu usizipe uzito. Mullard za kiwanda cha Blackburn zina msimbo mdogo chini ya kioo, unaoanza na B, kisha tarakimu moja ya mwaka, herufi ya mwezi na tarakimu ya wiki. Ni msimbo mzuri na unasaidia kujua umri wa valvu. Lakini valvu ni kitu cha kubadilishwa, na bendi ya hoteli ilizibadilisha kila zilipochoka. Kwa SVT kuna jambo moja la kuangalia kwenye valvu: zile za mwanzo zilitumia valvu za nguvu za 6146, na za baadaye 6550. Hilo linahusu muundo, na muundo haubadilishwi kwa kuchomeka tu.

Uingereza dhidi ya Marekani

Amplifaya za Kiingereza hazifuati ile misimbo ya tarakimu kwa ukamilifu wa Fender au Ampeg. Kwa hiyo ukipewa kuchagua uanzie wapi, Fender ianzie ndani na Marshall ianzie kwenye nambari. Spika za Celestion ndizo msaidizi wa Marshall. Tarehe yake ni herufi mbili na tarakimu za siku, herufi moja ikiwa ya mwezi na moja ya mwaka, na herufi za mwaka zilianza upya kwa A mwaka 1968. Kichwa cha herufi E na kasha lenye spika za mwaka wa E si mwaka mmoja. E ya Marshall ni 1973 na E ya Celestion ni 1972. Watu wengi wamechanganya hapo.

Kwa anayetaka kupigia muziki Mombasa, mimi ningemshauri achukue ya Kiingereza kuliko ya Kimarekani, umri ukiwa sawa. Marshall nyingi za miaka ya sabini zina kichagua volti nyuma kinachofika 240, na transfoma yake imetengenezwa kwa umeme wa hertzi 50 kama wetu. Ya Kimarekani iliyouzwa kwao inahitaji transfoma ya kushushia volti, na hata ukiipata, transfoma ya ndani iliyotengenezwa kwa hertzi 60 huwa moto zaidi kwenye 50. Amplifaya hufanya kazi, lakini usiku wa harusi wa saa sita karibu na jiko la biriani ni mtihani mwingine.

Za transista, ambazo ndizo utakazokutana nazo zaidi

Peavey, Roland na Yamaha za miaka ya sabini na themanini hazitangazwi kama vitu vya kale, lakini ndizo zinazofanya kazi. Peavey zina volyumu zenye misimbo ile ile ya 137, basi mambo ni rahisi. Kwa nyingine, soma saketi unganishi, vile vipande vyeusi vyenye miguu mingi. Mara nyingi juu yake kuna tarakimu nne: mbili za mwaka na mbili za wiki. 7834 ni wiki ya 34 ya 1978.

Uwe mwangalifu na kitu kimoja: 7815 na 7915 ni majina ya vipuri vya kudhibiti volti, si wiki ya 15 ya miaka hiyo, na 4558 ni jina la kikuza sauti kidogo kinachopatikana kwenye amplifaya nyingi sana. Kipuri kimoja huwa na mistari miwili ya maandishi. Mmoja ni jina, mwingine ni tarehe. Linganisha vipuri kadhaa: mstari unaorudiwa vile vile kwa vipuri vya aina moja ni jina, na ule unaokaribiana bila kufanana sawasawa ni tarehe.

Uchague njia gani, ukiwa wapi

Ukiwa umesimama kwa muuzaji, jua linawaka na hujui kama utarudi, omba kwa adabu: "Mzee wangu, naomba tuufungue mgongo tu, nisome namba." Wengi hukubali, na wengine huongeza, "Sawa, lakini uufunge ulivyoukuta." Mgongo ukifunguka utaona karatasi ya valvu, transfoma na spika bila kugusa chasi. Hayo matatu yanatosha kwa uamuzi wa kununua. Ya volyumu yasubiri meza ya fundi.

Na chasi isifunguliwe na mtu asiyejua. Kapasita za amplifaya ya valvu hubaki na mamia ya volti hata plagi ikiwa imechomolewa. Fundi hupima kwa mita, hutoa umeme huo kupitia rezista, kisha hupima tena. Amplifaya ya Kimarekani ya kabla ya mwishoni mwa miaka ya sitini mara nyingi ina waya wa nyaya mbili bila ardhi, na kapasita inayounganisha umeme wa ukutani na chasi. Kapasita hiyo ikiharibika, chasi na nyuzi za besi zinabeba umeme. Mwambie fundi aiondoe na aweke waya wa ardhi kabla mtu hajapiga hata noti moja. Mkusanyaji anaweza kulalamika kwamba umepunguza uasilia. Mpigaji yuko hai.

Ukinunua kwa picha za simu, kutoka kwa mtu wa Malindi au Nairobi, picha ya mbele haikusaidii. Omba tatu: nyuma ya kasha likiwa wazi, transfoma kwa karibu, na nambari ya siriali ikisomeka tarakimu zote. Akituma za mbele peke yake na kukuhakikishia ni ya sitini na tano, mlipe bei ya amplifaya inayofanya kazi, isiyojulikana mwaka. Akizituma zote tatu na zikakubaliana, hapo hata bei anayoitaja inafaa kuzungumzwa.